Kidole cha Viggo Stenlund

Mjini Gävle, huku kaskazini kwenye theluji, ukitaka kujua nani anamchukia nani, usijisumbue kwenda mahakamani wala kanisani. Shuka chini ya nyumba, kwenye chumba cha kufulia, usome ukuta. Watu wa huku ni wastaarabu, hawagombani. Jirani akikukosea humgongei mlango, maana kumgongea mtu mlango bila miadi ni ushenzi. Unaandika karatasi, unaibandika juu ya mashine ya kufulia, na chini unamalizia "Salamu za kirafiki". Umemtukana mpaka kizazi cha saba, na bado wewe ni mtu mwema.

Asubuhi moja ya Novemba Viggo Stenlund alikuwa chini huko, amekaa juu ya kikapu, anasubiri shati lake la heshima likauke. Anasema la heshima kwa sababu mengine yote yalikuwa yameshakosa heshima. Kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akasoma ukuta.

"Kwa mwizi wa zamu yangu ya Alhamisi. Natumaini mashuka yako yametakata kuliko roho yako. Salamu za kirafiki, Rune, ghorofa ya pili."

"Kwa aliyeng'oa kikufuli changu. Mungu anaona, hata kama ghorofa ya pili wanajifanya hawaoni. Salamu za kirafiki, Anneli, ghorofa ya tatu."

"Uongozi wa ushirika wa wenye nyumba unasikitishwa mno na tabia hii. Gunvor Ekdahl, mwenyekiti."

Kando ya karatasi ulikuwepo ubao wa zamu, wenye matundu ya siku na saa. Kila mwenye nyumba ana kikufuli kidogo chenye namba ya mlango wake; anakichomeka kwenye tundu la saa anayoitaka, na hiyo ndiyo zamu yake ya kufua. Kitu kitakatifu hicho. Huku mtu anaweza kukuibia mke mkaendelea kusalimiana, lakini akikuibia zamu ya kufua, watoto wenu wanarithi uadui. Viggo alinyoosha mkono, akavuta kikufuli kimoja kwa vidole viwili. Kikatoka kama jino la mtoto.

"Ehee," akasema peke yake.

Mtu mwingine angeona ugomvi wa majirani. Viggo aliona riziki. Huyu ndiye aliyewahi kumuuzia mzee mmoja wa Sandviken bima ya theluji ya paani, na mzee mwenyewe alikuwa anaishi ghorofa ya chini. Ulimi wake ungeweza kumtoa nyoka pangoni, na nyoka akatoka akiomba risiti.

Lakini tusimcheke sana. Kwa umri ule, nywele zimeshaanza kumkimbia zikimwachia nyusi nene, Viggo hakuwa na pa kulala. Mkewe alimfukuza, na aliyempokea ni Tage, kaka wa huyo huyo mke, mtu mpole wa ghorofa ya kwanza, aliyempa kochi. Sasa hata kochi lilikuwa linakwisha muda.

"Shemeji," Tage alimwambia wiki ile, bila kumtazama machoni, "kabla ya Krismasi inabidi uwe umepata pako. Mchumba wangu Marit anahamia."

"Marit ni mwembamba, shemeji. Tutaenea."

"Ana mbwa. Mbwa amezoea kulala kwenye kochi."

Viggo alilitazama kochi. Ameshindwa na wanaume wengi katika maisha yake, lakini mbwa alikuwa wa kwanza. Na nyumba mji huu hazipatikani; foleni yake ni ndefu kiasi kwamba watu huiachia kama urithi. Ila pale pale chini, ukipita ukumbi wa kuingilia, palikuwa na chumba kimoja na jiko, nyumba ya mtunza majengo wa zamani aliyehamia kwa wazee wenzake. Mali ya ushirika. Tupu. Kila siku Viggo alipita dirisha lile akichungulia, na moyo ulimuuma kama wa kijana anayempitia binti wa watu.

Basi shati lilipokauka alilivaa, akapanda kwa mwenyekiti.

Gunvor Ekdahl alikuwa mwanamke wa miaka sabini na ushei, mviringo, mwenye sweta ya kufuma yenye vifungo vya mbao, na sauti ya kubembeleza paka. Alimkaribisha jikoni, akamwekea kahawa na andazi la mdalasini. Viggo alisifia kahawa, akasifia mapazia, akamsifia na paka. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mama Gunvor, nikuulize swali. Mimi ni nani?"

"Si ni Viggo? Yule wa kwenye kochi la Tage."

"Umejuaje?"

"Umesema mwenyewe pale mlangoni."

"Hapo sasa!" Viggo alipiga meza hadi paka akaruka. "Nimesema, na wewe ukafungua. Je, ningesema mimi ni askofu?"

"Ningekuangalia soksi," alijibu Gunvor.

Viatu, kama kawaida, vilikuwa vimebaki mlangoni. Viggo aliukunja mguu wake wa kushoto chini ya kiti, ule ambao kidole gumba kilikuwa kinachungulia dunia.

"Mama, hapo ndipo ugonjwa wa nyumba hii ulipo. Kikufuli kinasema 'mimi ni Rune', ubao unaamini. Kusema ni kusema tu, hakuthibitishi kitu! Ili nijue kuwa wewe ndiye wewe, nataka vithibitisho vitatu. Cha kwanza, kitu unachokijua: namba ya siri. Cha pili, kitu ulicho nacho mkononi: kidude cha kuning'iniza kwenye funguo. Cha tatu, kitu ulicho wewe mwenyewe, alichokuumba nacho Mungu: kidole chako."

"Namba mtu anaweza kunong'onezwa," alisema Gunvor akikoroga kahawa.

"Ndiyo maana kuna kidude."

"Kidude kinaibwa."

"Ndiyo maana kuna kidole."

"Na kidole kinakatwa."

"Jamani mama! Kwa zamu ya kufua?"

"Wewe humjui Rune," alisema Gunvor.

Wakacheka wote wawili. Viggo akasogeza kiti. Mashine hiyo, alisema, anayo. Ameitengeneza mwenyewe enzi zile akifanya kazi na wataalamu wakubwa ambao majina yao hawezi kuyataja, kwa sababu za kiusalama. Na hataki malipo. Hata chembe. Shida ni moja tu, mashine ya aina hii inahitaji mlinzi wa kuiangalia, mtu anayeishi karibu nayo.

"Karibu kama wapi?" aliuliza Gunvor.

"Sijui, mama. Pawe chini chini huko."

"Kuna ile nyumba ya mtunza majengo, ipo tupu."

"Ipo tupu?" Viggo alishika kifua. "Wala sikuwa na habari."

Gunvor alimtazama muda mrefu, kwa upole, kama mtu anayepima samaki sokoni. "Nitaongea na wenzangu wa kamati," akasema. "Ila kanuni ni kanuni. Funguo ya kila mlango wa ushirika, nakala moja inakaa kwangu. Na hicho kidude chako cha mlinzi pia, utanipa cha akiba."

"Chukua hata viwili, mama. Bila kidole changu hakina kazi."

"Basi hakuna ubaya nikiwa nacho," alisema Gunvor, akamwongezea andazi.

Mashine yenyewe, tuseme ukweli maana mwenyewe hausemi, ilitoka kwenye ukumbi wa mazoezi uliofilisika kule Valbo. Lilikuwa sanduku la plastiki la kubandika mlangoni, lenye vibonyezo vya namba, kioo cha kuwekea kidole, na spika. Vibonyezo vilikubali namba yoyote alimradi umebonyeza. Kioo cha kidole kilikufa zamani. Kilibaki kuwaka taa ya kijani tu, kwa adabu. Kitu pekee kilichokuwa hai ndani yake ni kile kinachosoma kidude. Ukikisogeza kidude, mlango wa chumba cha kufulia unafunguka, na sauti ya mwanamke mwenye furaha isiyo na sababu inatangaza jina lako ngazi nzima. Haijui zamu ya nani, haijui saa, haijui lolote. Vithibitisho vitatu, viwili ni mapambo.

Siku ya kuandikisha vidole wakazi wote walipewa kila mtu kidude chenye jina lake, wakashuka, mmoja mmoja, kimya, kama wanaokwenda kula chakula cha Bwana. Rune wa ghorofa ya pili, mzee aliyestaafu kazi ya kutahini madereva na ambaye hajawahi kumpasisha mtu mara ya kwanza, alikisugua kidole chake kwa spiriti kabla ya kukiweka. Anneli wa ghorofa ya tatu, daktari wa meno, aliuliza kama mashine inakubali kidole chenye glavu. Gunvor alikuja wa mwisho, ametoka dukani, na mfuko wa mahitaji mkononi.

Viggo alisimama mbele yao, shati la heshima limepigwa pasi.

"Ndugu zangu! Mashine hii haitaji jina la mtu mpaka imemjua kwa vitu vitatu. Haina rafiki, haina jirani, haili rushwa. Ikisema ni wewe, basi ni wewe, hata mama mzazi akikataa. Haikosei!"

"Haikosei kabisa?" aliuliza Rune.

"Mzee Rune, mimi naweza kukosea. Wewe unaweza kukosea."

"Mimi?" alisema Rune.

"Samahani mzee. Mimi naweza kukosea. Mashine, hapana."

Wakapiga makofi, ya kiasi. Jioni ile ile Viggo alikabidhiwa nyumba.

Na ajabu ya Mungu, mashine ikafanya kazi! Wiki ya kwanza hakuna zamu iliyoibwa, wala ya pili. Viggo mwenyewe alishangaa. Kumbe hakuna aliyethubutu kuijaribu. Nyumba nzima ilikuwa ya watu ambao, kabla ya kutoka, huchungulia kwenye kitundu cha mlango kuhakikisha ngazini hakuna mtu, wasije wakalazimika kusalimiana. Wamekaa pamoja miaka na miaka, na ukimwuliza Rune sura ya Anneli ikoje, anakwambia ana koti la bluu. Watu wa namna hiyo ukiwaambia kuna mashine inayowajua, wanaiamini haraka. Nadhani ilikuwa inawafariji.

Viggo angetulia hapo angekuwa anaishi pale mpaka leo. Lakini mjanja hajui kushiba. Siku moja Anneli alimvizia kwenye ukumbi wa kuingilia.

"Viggo," alinong'ona, akiangalia juu ngazini. "Ile zamu ya Jumapili jioni."

"Ina nini, dada?"

"Kila mtu anaitaka. Sasa mimi sipendi upendeleo, wote tuko sawa hapa, unanielewa?"

"Sana."

"Ila kama mashine ingeweza... kunipenda kidogo."

Viggo alishusha pumzi ndefu, ya mtu anayevunja kiapo. "Kuna kitu kinaitwa kidole cha upendeleo," akasema. "Lakini nikikufanyia wewe, itabidi usimwambie mtu."

"Mume wangu anawinda," alisema Anneli. "Unakula kulungu?"

Viggo alikula kulungu. Wiki iliyofuata Rune, yule Rune mwenyewe wa haki na sheria, alileta chupa ya pombe ya kienyeji na kunong'ona maneno yale yale kuhusu Jumapili jioni. Akaja mwingine na jamu ya matunda ya kinamasi, mwingine na uyoga wa kukausha, na mjane wa ghorofa ya nne akaleta mkebe wa samaki waliochachushwa, kitoweo cha huku, uliovimba kiasi kwamba Viggo aliuweka nje ya dirisha kwa usalama wa taifa. Wote aliwauzia Jumapili ile ile moja. "Mashine inahitaji muda kukuzoea," aliwaambia. "Usiifanyie papara."

Friji ilijaa. Akanunua pazia. Majilio, majuma ya kungojea Krismasi, yalipofika, kila dirisha la mtaa likawashiwa nyota ya karatasi, naye Viggo akatundika yake, nyekundu. Akatoka nje kwenye theluji na soksi, akasimama barabarani kuitazama. Dirisha lake. Alikuwa na furaha mpaka akaona haya, akaangalia kama kuna anayemwona, akarudi ndani.

Alhamisi iliyofuata, Rune alikuwa mlangoni kwake na kikapu cha nguo, anachungulia kwenye kitundu akisubiri zamu yake, aliposikia kutoka chini sauti ya furaha isiyo na sababu:

"Karibu, Viggo Stenlund!"

Kisha mlango, kisha mashine mbili zikaanza kunguruma. Katika zamu yake. Mtu mwingine angeshuka ngazi mbili akatazame. Rune alitafuta kalamu.

"Kwa mlinzi wetu," ilisema karatasi. "Kumbe fisi ndiye tuliyempa bucha. Salamu za kirafiki, Rune."

Viggo aliisoma akacheka. Alhamisi ile, saa ile, yeye alikuwa ghorofa ya tatu, jikoni kwa Anneli, anakula mchuzi wa kulungu. Jumatatu ikabandikwa ya pili, Jumanne ya tatu. Wote walisikia jina lake. Wote walikuwa nyuma ya milango yao. Hapo kicheko kikamkauka, akapapasa mfukoni: kidude chake kipo. Akapanda kwa mwenyekiti mbio.

"Mama, kile kidude cha akiba nilichokupa, kipo?"

Gunvor alifungua kabati la ukutani. Kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari, na kibao chenye jina la Viggo.

"Kipo, mwanangu. Kwani vipi?"

"Hakuna aliyekiazima?"

"Hata kama angekiazima," alisema Gunvor taratibu, "si ulisema bila kidole chako hakina kazi?"

Viggo alikitazama kidole chake.

"Au hukusema?"

"Nilisema, mama."

"Nilifikiri nimesahau. Uzee huu."

Mkutano wa dharura ulifanyika Jumamosi mchana, palepale chini, viti vimepangwa kati ya mashine na kamba za nguo. Gunvor aliufungua kwa kugonga kijiko kwenye kikombe. Rune alisimama, koti limefungwa vifungo vyote.

"Nina swali moja tu kwa mlinzi. Mashine inaweza kutaja jina la mtu ambaye hayupo?"

Viggo alitazama lile sanduku. Sanduku lilimtazama kwa taa yake ya kijani.

"Mzee Rune, kuna mambo ya kitaalamu..."

"Ndiyo au hapana? Maana ulisema haikosei. Wote tulisikia."

"Nilisema."

"Na tulikupa nyumba kwa sababu haikosei."

"Mlinipa."

"Basi Alhamisi ulikuwa wapi?"

Hapo Viggo aliona upenyo, akageuka. "Dada Anneli! Hebu waambie. Alhamisi jioni mimi nilikuwa wapi?"

Chumba kizima kikamgeukia Anneli. Daktari wa meno alikitazama kikombe chake kitupu kama ameona humo tundu la kuziba. Akisema Viggo alikuwa kwake, ataulizwa kwa lipi. Na akisema kwa lipi, atakuwa ni yeye aliyehonga mashine ya wenzake.

"Sijui," alisema. "Alhamisi mimi huwa nasoma."

Viggo akamtazama mjane wa ghorofa ya nne, mjane akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba. Akamtazama kila aliyemlisha. Hakuna uso uliorudisha macho. Kila mmoja alikuwa na siri yake ya Jumapili jioni, na kila mmoja alidhani ni yake peke yake.

"Nadhani tupate kahawa kwanza," alisema Gunvor kwa huruma.

Alimletea Viggo kikombe na andazi kwenye kona, nyuma ya kabati la kukaushia, wengine wakiwa wamejipanga foleni kwenye birika.

"Kula, mwanangu. Kesi haisikilizwi na tumbo tupu."

Viggo alimtazama, ile sweta, vile vifungo vya mbao, na polepole, kama maji yanayopanda kwenye kiatu kilichotoboka, akaelewa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kama nguo yenyewe imefumwa kwa mkono.

"Ni wewe," alisema.

"Mimi nini?"

"Mwizi wa zamu. Tangu mwanzo, kabla hata sijaja."

Gunvor alilamba sukari kidoleni. "Nina vibanda viwili vya wageni kule ufukweni. Wageni wanalala, wakilala mashuka yanachafuka. Nikafulie wapi, mtoni?"

"Na mashine..."

"Siku ile ya vidole nilikuwa nimetoka dukani. Nikashika kidude, nikaiweka soseji kwenye kioo badala ya kidole. Ikaniambia 'Karibu, Gunvor Ekdahl'. Tangu lini mimi nimekuwa soseji, Viggo?"

"Mbona hukusema?"

"Niseme, ili kamati ilete mashine inayoona kweli? Walikuwa wanataka kuweka kamera, Rune na wenzake! Nikamwomba Mungu usiku na mchana. Akaniletea tapeli mpaka jikoni, na soksi imetoboka."

Viggo aliketi juu ya kikapu. Alikuwa na hasira, lakini chini ya hasira, aibu iliyoje, kulikuwa na kitu kinachofanana na heshima. Miaka yote hii anajiita mjanja wa mji, kumbe ameingizwa mjini na bibi wa paka.

"Sasa sikiliza," Gunvor alisema, bado kwa sauti ya kubembeleza. "Una njia mbili. Sema mashine ni ya uongo. Basi wewe ni laghai uliyejipatia nyumba kwa hila, na polisi hawako mbali. Au sema mashine ni ya kweli. Basi wewe ni mwizi wa zamu. Kwa hilo hakuna jela, kuna aibu tu."

"Na nyumba yangu?"

"Hiyo inaondoka kwa njia zote mbili. Mashuka nayo yanahitaji pa kukaa."

"Nimetundika nyota, mama," alisema Viggo.

"Nimeiona. Nzuri." Gunvor alimpigapiga begani, na kwa kweli alionekana kusikitika. "Haya, twende. Kahawa inaisha."

Viggo akasimama mbele ya mkutano. Aliwahi kuwakana watu usoni, kuapa kwa majina ya watoto asio nao, kulia machozi ya kweli kwa mambo ya uongo. Safari hii alikuwa na ukweli mtupu mkononi, na ukweli huo usingemsaidia kitu. Bima ya theluji, visima hewa, mavazi ya bwana harusi ya mtu mwingine, hakuna hata kimoja alichowahi kuhukumiwa kwacho. Akavuta pumzi.

"Mashine haikosei," akasema. "Ni mimi."

Mkutano ukaguna. Rune alifumba macho kama mtu aliyesubiri neno lile maisha yake yote. Mjane alisema ameshajua tangu siku ya kwanza, mtu mwenye nyusi zile. Kura ilikuwa ya wote: atoke kesho yake. Mashine, kwa kuwa imethibitika, ibaki. Anneli alinyoosha mkono juu kuliko wengine.

Kesho yake Viggo aliondoka kwenda stesheni. Chupa, kulungu na jamu vilichukuliwa na kamati kama mali ya ushirika. Walimwachia mkebe wa samaki, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuugusa, na kondakta wa treni alipouona umevimba vile alimtaka achague, mkebe au safari.

Januari simu yake iliita. Alikuwa Umeå, kwenye kochi la mtu mwingine. Ni Tage, kwa simu ya picha. Sura yake ilijaa kioo, na nyuma yake mbwa amelala chali.

"Shemeji," alisema Tage kwa huzuni. "Hivi kweli huoni haya?"

"Nimefanya nini tena?"

"Jana Jumapili jioni umerudi kufua. Ngazi nzima imekusikia. 'Karibu, Viggo Stenlund.' Rune amebandika karatasi ndefu."

"Shemeji, mimi niko Umeå! Treni ni mwendo wa saa nne kutoka hapo. Niangalie! Unaniona?"

Alizungusha simu: kochi, dirisha, theluji, bakuli la supu, yeye mwenyewe na nyusi zake. Tage alisogeza uso karibu na kioo, akatazama kwa makini, mtu mpole, mwenye haki.

"Nakuona, shemeji," akasema. "Lakini mimi nina macho tu. Mashine ina vithibitisho vitatu."